Bia Iliyovurugika

Inspekta Desmond Tranter alipanda milima ya mpakani kwenda kilabu cha Mundu ili afunge jalada. Ndivyo alivyomwahidi bosi wake, na ndivyo alivyojiahidi mwenyewe njia nzima, akiwa nyuma ya trekta iliyokataa katakata kumpisha. Mambo yalikuwa yamekaa sawa kichwani: Leonard Beddoes alitoka kilabuni gizani, akateleza penye kivuko cha kijito chini ya kilabu, akapiga kisogo kwenye jiwe, akazama. Daktari alikuta maji mapafuni, maana yake mzee yule aliingia majini akiwa bado anapumua. Kilichobaki ni maelezo ya shemeji yake mwenye kilabu na sahihi chini ya karatasi, basi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkera, nacho ni chokaa. Nywele za marehemu kando ya jeraha zilikutwa na chokaa nyeupe, na mawe ya kijito yana ukoga, hayana chokaa. Asubuhi hiyo Tranter alikwenda kwa Jukes, mfugaji wa kondoo aliyegombana na Leonard juu ya ua wa shamba, na ambaye zizi lake lilikuwa limepakwa chokaa majuzi tu. Jukes alimwacha aongee mpaka akaishiwa maneno, kisha akaleta picha za harusi ya binti yake. Siku ya kifo alikuwa mjini Cardiff, amevaa tai, analia mbele ya ukoo mzima. Tranter akamshukuru kwa chai akaondoka. Labda, alijiambia, marehemu aliegemea ukuta wa mtu njiani.

Mundu hakina kibao. Kilichokuwepo kiling'olewa na upepo, na wanaokunywa pale hawahitaji kuonyeshwa njia. Hakina kaunta wala televisheni. Ukisukuma mlango unaingia moja kwa moja sebuleni kwa watu: mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya vizazi, saa ya ukutani, moto wa kuni, mtungi wa mayai ya siki dirishani.

Tranter alisimama kizingitini akavuta pumzi. Moshi, mbwa aliyelowa, siki, na ile harufu nyingine, ya ubaridi na ya bia, inayopanda polepole kutoka chini ya sakafu. Alikulia katika nyumba ya namna hiyo, kilabu cha baba yake, bonde la tatu kutoka pale, na tangu kiuzwe alikuwa hajakutana na harufu ile. Walionunua walitupa mabenchi, wakaleta muziki, wakafilisika. Siku hizi ni nyumba za wageni wa wikiendi, na vikapu vya maua vinaning'inia pale ambapo baba yake alikuwa akisimama kuwaaga watu.

"Ingia au toka," alisema bibi aliyekaa kwenye kiti cha mikono karibu na moto. "Kuni hatuokoti."

"Inspekta Tranter, Bi Beddoes. Tuliongea kwa simu."

"Nimeshajua. Mteja angefunga mlango."

Wazee watatu waliokuwa kwenye benchi wakacheka chini chini. Huyo ndiye Winifred Beddoes, mjane wa kaka yake Leonard, mwembamba, macho makali, amejifunga shali nzito ya sufi magotini. Tranter alifunga mlango akaelekea kiti kilichokuwa wazi pembeni.

"Usikae hapo," alisema mzee mmoja, mchunga kondoo wa zamani mwenye mikono mikubwa iliyopinda vidole.

"Pana mtu?"

"Pa Percy."

"Yuko njiani?"

"Alikufa mwaka wa theluji kubwa. Lakini hapendi kukaliwa."

"Mwache mgeni wa watu, Gwilt," alisema Winifred, bila kumaanisha. "Utakunywa nini, mwanangu?"

"Niko kazini, mama."

"Sikuuliza uko wapi."

Mzee mwingine, mmoja wa ndugu wawili wa ukoo wa Pugh, akapiga goti lake kwa furaha. Domino zilikuwa zimepangwa mbele yao. Tranter akaona hana ujanja, na ukweli ni kwamba hakutaka kuwa nao. Alitaka kukaa pale. Alitaka kutaniwa na wazee wale, aambiwe kiti kipi si chake, mpaka siku moja apate kiti kilicho chake. Hamu hiyo ilimjia kwa nguvu hata akaona aibu, mtu mzima, tena askari.

"Glasi ndogo basi," alisema.

Binti wa Winifred, Muriel, alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwenye uso wa mtu asiyelala. Alichukua jagi mezani, akafungua mlango mfupi ulio kando ya moto, akashuka ngazi. Katika Mundu bia haivutwi kwa mashine. Inafuatwa kwenye pipa lenyewe, na anayeifuata lazima awe Beddoes. Tranter alisikiliza miguu ikishuka, kisha kimya, kisha mchirizi wa bia ndani ya jagi. Utoto wake wote alilala akisikia sauti hiyo chini ya kitanda chake.

Muriel alipanda, akammiminia, akarudi jikoni. Tranter aliinua glasi. Kwa mazoea tu, kama baba yake alivyokuwa akifanya, aliielekeza dirishani kwanza.

Bia ilikuwa imevurugika. Haikuwa vumbi la juu juu. Ilikuwa nzito, rangi ya maji ya mfereji baada ya ng'ombe kupita. Akatazama glasi ya Gwilt. Vilevile. Akatazama za akina Pugh. Vilevile.

Akanywa funda moja akaiweka chini. Angeweza kuishia hapo. Alikuja kuchukua sahihi, na sahihi haihusiani na bia. Lakini mtoto wa kilabu ni mtoto wa kilabu. Baba yake angemwaga pipa zima uani, mvua ikinyesha, kuliko kumpa mtu glasi kama ile. Na wazee wa aina ya Gwilt aliwajua kuliko alivyowajua ndugu zake: wape bia yenye kijiuzi kimoja cha uchafu uone, wataiinua, wataipitisha mkono kwa mkono, watauliza kama mwenye nyumba amefiwa na macho. Hawa watatu walikuwa wakiinywa kimya, wakitazama domino.

"Bia imevurugika," alisema Tranter.

Kete ya domino iliyokuwa hewani ilibaki hewani.

"Radi," alisema Winifred.

"Radi?"

"Ya juma lililopita. Radi ikipiga, bia inageuka. Mama mkwe wangu alikuwa akilaza nondo ya chuma juu ya mapipa ili kuikinga. Mimi nikapuuza."

"Juma zima ukungu ulilala bondeni, mama. Hata majani hayakutikisika. Radi ilipita wapi?"

"Radi ya huku ina haya," alisema Gwilt. "Inapita kimya kimya."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Tranter akatoa kalamu. Aliwaambia kuwa angependa kuyasikia tena yale waliyomweleza konstebo, kwa utaratibu tu, na akaanza na Gwilt.

"Leonard alikunywa glasi moja," alisema Gwilt, "akavaa kofia, akasema usiku mwema, akatoka kwa miguu yake mwenyewe."

"Asante. Na wewe, Bwana Pugh?"

"Alikunywa glasi moja, akavaa kofia, akasema usiku mwema, akatoka kwa miguu yake mwenyewe," alisema Pugh mkubwa.

"Nawe?"

Pugh mdogo alimeza mate. "Glasi moja. Kofia. Usiku mwema. Miguu yake."

"Mwenyewe," alimsaidia Tranter.

"Mwenyewe."

"Alikaa wapi?"

Wakatazamana. Hilo halikuwa kwenye somo lao.

"Dirishani," alisema Pugh mkubwa.

"Pale motoni," alisema mdogo wake wakati huohuo.

Tranter aliona sikio la Gwilt likigeuka jekundu. Katika chumba ambacho marehemu wa miaka mingi bado ana kiti chake, watu watatu hawakujua mgeni wa juzi aliketi wapi. Jibu lilikuwa jepesi. Leonard hakuketi. Aliingia, akapita, akaenda mahali ambapo hakuna mabenchi.

"Bi Beddoes, naomba nione mapipa."

"Hashuki mtu asiye Beddoes."

"Najua, mama. Leonard alikuwa Beddoes."

Moto ulipasua kuni. Kutoka mlango wa jikoni Muriel alisema, "Mwache ashuke, mama," akampa Tranter tochi. Mkono wake ulikuwa baridi na haukutetemeka.

Stoo ya chini ilikuwa kama alivyoitarajia, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Dari ya upinde, kuta zilizopakwa chokaa mwaka hadi mwaka mpaka zimekuwa nene kama keki, kichanja cha mbao na mapipa yamelazwa juu yake, kila moja na bomba lake. Alifanya kazi yake pole pole. Mahali ambapo ngazi inaishia kuna nguzo ya matofali. Upande mmoja chokaa ilikuwa imesuguliwa mpaka tofali likawa uchi, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeanguka chali. Sakafu ya chumba kizima ilikuwa na utelezi wa miaka. Toka kwenye nguzo mpaka chini ya kichanja tu ndipo palikuwa safi na pananuka sabuni, kana kwamba damu ilitiririkia huko. Na juu ya kichanja, kando ya kila pipa, palikuwa na alama nyeusi ya mviringo, mahali pipa lilipolala zamani. Kabari zilizoyashika sasa zilikuwa mbao mpya, nyeupe, zilizokatwa kwa haraka.

Pipa la bia ya aina ile, likishalala, limelala. Mashapo yanatua chini yenyewe, na mwenye nyumba hupita hapo kwa kunyata kama mbele ya mtoto mchanga. Ukilitikisa, siku kadhaa hulinywi. Hapa mtu aliyashusha mapipa yaliyojaa, yote, akaosha sakafu chini yake, akayarudisha. Wanawake wawili hawawezi kazi hiyo. Wanaume watatu wanaweza, hata wakiwa wazee, kama wamezoea kubeba kondoo.

Tranter alikaa kwenye ngazi ya mwisho akazima tochi. Harufu ilimzunguka. Akatamani, kwa uchungu wa kweli, kwamba angezaliwa na baba fundi viatu. Mtu mwingine angekunywa, angekunja uso, angeamini radi. Hata sasa angeweza kupanda juu na kuiamini. Bosi angefurahi, Winifred angefia kwenye kiti chake, na yeye Tranter angekuwa na mahali pa kwenda jioni za Ijumaa. Vilabu kama hivi mkoa mzima vilikuwa vimekwisha. Alichobakiwa nacho ni hiki tu.

Ngazi zililia juu yake. Muriel alishuka nusu akasimama.

"Umeona," alisema.

"Nimeona. Kabla hujasema kitu, Muriel, nakuonya kwamba huna lazima ya kusema, na utakachosema nitakiandika."

"Andika. Nimechoka." Alikaa palepale alipo, mikono kwenye aproni. "Baba mdogo alikuwa na nusu ya nyumba. Babu aliigawa hivyo. Alikuja na wanunuzi tayari, watu wa mjini, wanataka kuweka vyumba vya kulala na jiko la vioo. Akashuka hapa na utepe wa kupimia. Anapima, anapiga mluzi. Nikaushika utepe. Nikamwambia hupimi. Akavuta. Nikavuta. Halafu nikauachia."

"Ukauachia."

"Nikauachia tu. Akaenda kinyumenyume mpaka pale." Hakuitazama nguzo. "Sikumsukuma, Inspekta. Naapa kwa kaburi la baba."

"Mkamtoa saa ngapi?"

"Giza lilikuwa limeshaingia. Gwilt na akina Pugh huwahi kabla hatujafungua, wanapitia jikoni. Wakanisaidia."

"Na daktari?"

"Daktari wa nini? Alikuwa amekufa. Na daktari akija polisi wanakuja, polisi wakija leseni inaondoka. Mama atapelekwa kule wanakokaa wazee kutazama ukuta. Mundu hakijafungwa hata siku moja, unajua hilo? Hata siku tuliyomzika baba tulifungua. Watu walitoka makaburini wakaja kunywa na nguo zao nyeusi."

"Ndicho kilichowaangusha," alisema Tranter. "Mngefunga siku chache bia ikatulia, ningekunywa, ningesema asante, ningekwenda zangu."

"Tufunge?" Alimtazama kana kwamba amemwambia wangekichoma moto. Wazo hilo, ni wazi, lilikuwa halijawahi kupita kichwani mwake.

Kisha akainama, akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu anayeomba. "Lakini ni ajali. Sivyo? Kumficha tulikosea, nitakubali kosa hilo, nitalipa. Lakini kufa kwake kulikuwa ajali. Utaandika hivyo? Ukiandika hivyo mama atabaki na nyumba yake."

Tranter alisimama kutoka kwenye ngazi. Kama ingekuwa hivyo tu, angeiandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa, na pengine hakimu, mtu wa milima hiihii, angemwonea huruma. Ila maneno ya daktari yalikuwa kwenye mfuko wa koti lake, na Muriel hakuyajua.

"Twende juu," alisema. "Hili nalisema mbele ya wote."

Sebuleni hakuna aliyekuwa amesogea. Winifred alimtazama binti yake usoni, akaelewa, akaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa. Tranter alibaki amesimama. Aliwaambia alichokiona chini, kimoja baada ya kingine: chokaa, sabuni, kabari. Pugh mdogo akaanza kulia bila sauti.

"Basi tumekamatika," alisema Winifred. "Ni maiti tu waliyoibeba, mwanangu. Dhambi ni dhambi, lakini aliyekufa ameshakufa."

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Daktari alimpasua. Mapafu yake yalikuwa yamejaa maji ya kijito."

"Sema watu tuelewe."

"Maiti haivuti maji." Alijilazimisha kuwatazama wote. "Leonard alikuwa hai mlipomlaza kijitoni. Amezimia, lakini hai. Jeraha lile halikumuua. Kilichomuua ni maji."

Pugh mkubwa akafunika uso kwa kofia. Gwilt alikuwa akitazama mikono yake mikubwa iliyolala mapajani, akiigeuza huku na huku.

"Nilisema," alisema Gwilt.

"Nyamaza, Gwilt," alisema Muriel.

"Nilisema. Mimi ndiye niliyemshika makwapani. Nikasema, Muriel, mzee huyu bado ana joto. Nilisema hapahapa, mlangoni. Ukaniambia joto ni la mikono yangu, kwa kuwa nimetoka kukaa motoni." Aliinua uso, na mashavu yake ya mchunga kondoo yalikuwa yamelowa. "Nilikuwa sijakaa, Muriel. Ndiyo kwanza nimeingia. Mikono yangu ilikuwa barafu. Nimelala na neno hilo kila siku tangu hapo."

Winifred aligeuka taratibu kwenye kiti chake. "Muriel. Ulijua?"

Muriel alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Alimtazama mama yake, akawatazama wazee, mmoja mmoja, watu aliowamiminia bia tangu alipoweza kunyanyua jagi.

"Ilikuwa saa ya kufungua," alisema, kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja wao angepaswa kulijua.

Kumwita daktari kungekuwa kufunga mlango. Tranter alisimama na kalamu mkononi, na kilichomtisha ni kwamba alimwelewa kabisa.